Waraka wa Kufuta Baki

Mpo? Kama mpo itikieni "tupo", kila mtu kwa mdomo wake, asiitikiwe mtu na jirani yake. Nawaomba hivyo kwa sababu nchi ninayotaka kuwasimulia iliharibikiwa hapo hapo, kwenye kuitikiana.

Nchi yenyewe haina jina. Ilikuwa nalo zamani, likapelekwa kwenye tume ili liboreshwe, na tume bado inakaa vikao. Lakini ni nchi nzuri, yenye amani, milima miwili, mto mmoja na wizara thelathini na sita. Mimi sina ugomvi nayo. Nikisema jambo likawachoma, mjue ni mambo ya huko yalivyo, si ulimi wangu.

Katika nchi hiyo alikuwapo mwalimu wa hisabati aliyeitwa Mshamu Kigwile, mtu mrefu, mwembamba, mwenye miaka hamsini kasoro miwili. Alifundisha darasa la saba katika Shule ya Msingi Kipeo cha Pili. Hakuwa mwalimu mbaya hata kidogo. Alifundisha sehemu kwa chungwa na asilimia kwa debe la mahindi, na watoto wake wakikutana na hesabu yenye alama zote kwa pamoja waliimba "Magazijuto!", yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, mpaka kuku wa mlinzi wakakimbia. Ila alikuwa mwoga. Nchini kule uoga haukuhesabiwa kuwa ila. Wengi walipandishwa vyeo kwa huo huo.

Sasa sikilizeni balaa lilivyoanza. Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Vipimo na Wastani alikwenda shule moja ya mbali kuzindua ubao. Utepe ukakatwa, ngoma zikapigwa, kisha mwalimu wa pale, kwa heshima zote, akamwandikia mgeni 17 kugawanya kwa 5 ili awe wa kwanza kuutumia ubao huo. Waziri akaandika 3 kwa mwandiko mzuri sana. Watu wakapiga makofi. Kabla makofi hayajaisha, mtoto mmoja wa mstari wa mbele akasema kwa adabu, "Baki mbili, mheshimiwa."

Makofi yakafa yenyewe.

Jumatatu iliyofuata ukatoka Waraka Namba Saba. "Baki imefutwa," ulisema. "Kuanzia leo kila mgawanyo utatoka sawasawa. Ikitokea baki, ihesabiwe kuwa ni sifuri, na asiyekubali ahesabiwe hivyo hivyo." Jioni yake Waziri alieleza redioni. "Ndugu wananchi, baki ni nini? Baki ni uvivu wa mgawaji! Mkoloni alikuja hapa akatugawa, akaondoka akatuachia baki. Je, tumuenzi mkoloni? Hapana! Sisi tutagawa, na tukishagawa, hakitabaki kitu!" Ahadi hiyo ya mwisho, kusema haki, ilitimizwa kuliko zote alizowahi kutoa.

Ilitimizwa hata kwenye saruji. Serikali ilitoa saruji ya kujengea madarasa, ikagawiwa mikoa. Iliyosalia baada ya mgao ilikuwa baki, na baki ni sifuri, kwa hiyo hakuna aliyeuliza ilikokwenda. Mkoa ukagawia wilaya, ikapatikana baki nyingine. Wilaya ikagawia kata, kata ikagawia shule, na watu wakawa mafundi wa kugawa kwa namna inayozaa baki nene. Saruji ilipofika Kipeo cha Pili ilikuwa mifuko minne na ndoo moja. Fundi aliyeletwa kujenga ukuta wa mashariki wa darasa la saba aliitazama, akajikuna kidevu.

"Huu tutaujenga kwa mchanga na dua," akasema.

Mchanga ulikuwa mwingi.

*

Wiki saba kabla ya Mtihani Sanifu wa Taifa ikafika siku ya mazoezi ya kukaa. Msicheke. Mtihani Sanifu ulifanywa nchi nzima siku moja na saa moja, na watahiniwa walitakiwa wakae safu za wanane wanane, kwa kuwa fomu ya msimamizi ilikuwa na visanduku vinane kila mstari na mashine haikujua namba nyingine. Kukaa kwenyewe, basi, kukawa somo, na kulikuwa na vipindi vitatu kwa wiki.

Mwalimu Mkuu, Bi Nakiete, mama wa simu mbili na subira isiyofika nusu, alisimama mlangoni akitazama saa. "Chapuchapu, mwalimu! Mkaguzi anaingia saa nne."

Watoto wakagombea viti. Safu ya kwanza ikajaa, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Katikati ya darasa akabaki msichana mmoja amesimama na mkebe wake wa rula na bikari. Alikuwa Siwema Faki, namba ishirini na tisa, mtoto wa mama muuza mihogo ya kuchemsha pale langoni. Aliandika kwa mkono wa kushoto na alikuwa haogopi kitu. Alikosa kiti kwa sababu wenzake walipokuwa wakisukumana yeye alikuwa akihesabu.

"Mwalimu," akasema, "arobaini na moja kugawanya kwa nane ni tano, baki moja."

"Hakuna baki, Siwema. Waraka tumeusoma wote."

"Ndiyo, mwalimu. Lakini mimi nimesimama."

Watoto wakacheka. Mwalimu Mshamu hakucheka, kwani alijua linalofuata. Tangu waraka utoke, mtoto huyu alikuwa na swali moja, na aliliuliza kila kipindi, bila ujeuri, kama mtu aliyepoteza kitu na anataka kukiona.

"Baki inakwenda wapi, mwalimu?"

Nje gari likasimama, mlango wa gari ukabamizwa. Bi Nakiete akakohoa kikohozi cha ofisini. Mwalimu Mshamu akakamata kiti kibovu kilichokuwa nyuma, akakiweka ukutani upande wa mashariki, chini ya ufa ambao yeye mwenyewe alikuwa ameuona tangu Jumanne.

"Baki ni wewe," akasema. "Kaa hapo, unyamaze."

Darasa likaangua kicheko. Hata Siwema alicheka. Akaenda akakaa, akafungua mkebe wake, akaanza swali la kwanza.

Saa nne na dakika ishirini, Mkaguzi akiwa bado ofisini na chai na chapati, darasa likiwa kwenye swali la kumi na saba, ukuta ukalala ndani.

Hapo sitasema mengi. Ukuta wa mchanga hauna kishindo kikubwa. Vumbi lilipotulia, watoto arobaini walikuwa wamekaa safu tano vile vile, wazima, weupe nywele na kope, kalamu mikononi, na hakuna aliyeinuka kwa sababu hakuna aliyeambiwa ainuke.

*

Mkaguzi Mwandamizi wa Migao Sawia, Bwana Lukanda, alikuja na makombo ya chapati kwenye tai. Alikuwa mtu mpole na mwenye utaratibu. Alimwita katibu wake na kalamu, kisha akamgeukia Mwalimu Mshamu, ambaye mikono yake ilikuwa inatoka damu kwa kufukua matofali.

"Hapa alikuwa amekaa nani?"

"Mwanafunzi, Bwana Mkaguzi."

"Wa safu ya ngapi?"

"Hakuwa na safu."

"Asiye na safu anaitwaje?"

Bi Nakiete akamkanyaga mwalimu mguu.

"Baki," akasema mwalimu.

"Na baki, kwa mujibu wa Waraka Namba Saba, ni ngapi?"

"Sifuri."

"Vizuri sana. Basi ukuta umeangukia sifuri." Bwana Lukanda akapumua kama mtu aliyetua mzigo. "Andika, katibu. Majeruhi sifuri. Vifo sifuri. Watahiniwa waliosajiliwa arobaini na moja, waliopo arobaini na moja. Ukuta: umepumzika."

"Lakini bwana, mtoto amefariki. Wamembeba kwa mkeka sasa hivi, mama yake..."

"Mwalimu," akasema Mkaguzi kwa upole ule ule, "unataka kunifundisha hesabu?"

Mwalimu Mshamu alikuwa na la kujibu. Lilimfika kooni, likakaa hapo. Akajifuta damu kwa leso, akainamisha kichwa, na hivyo ndivyo taarifa ilivyopita.

Siwema alizikwa kesho yake kabla ya adhuhuri. Mama yake, ambaye kila mtu alimwita Mama Siwema na mpaka leo wanamwita hivyo, alikwenda ofisi ya vizazi na vifo kutaka cheti. Karani alitafuta jina, akalipata, akatikisa kichwa.

"Pole, mama. Huyu amesajiliwa mtihani. Aliyesajiliwa hawezi kufa mpaka matokeo yatoke."

"Nimemzika juzi, baba."

"Sikukatalii kuzika. Kuzika ni hiari ya familia. Ninachosema mimi ni kufa."

Sasa, kule kama kwetu, matanga yana siku zake. Watu huketi mikekani na wafiwa, hulia, hula pamoja, kisha matanga huanuliwa, mikeka ikakunjwa na kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Lakini sheria ya kule ilikuwa imeongeza kipengele: matanga yasianuliwe bila cheti cha kifo, ili wananchi wasiwe wanaomboleza ovyo. Basi matanga ya Siwema yakawa hayaishi. Majirani waliketi wiki, wakachoka. Mashangazi wakaketi wiki mbili, wakaaga kwa aibu. Mama Siwema akabaki peke yake na mkeka mmoja umetandikwa sebuleni. Asubuhi aliuza mihogo langoni, mchana alirudi akaketi mkekani, kwa kuwa hakuruhusiwa kuwa amemaliza.

*

Shuleni mazoezi yaliendelea. Pale ulipokuwa ukuta liliwambwa turubai la bluu, na upepo ukivuma lilivimba kwa ndani, likarudi, likavimba tena. Watoto walijifunza kutolitazama.

Wizara ilitaka mahudhurio kamili, kwa hiyo Bi Nakiete akatoa maelekezo. Mwalimu akiita namba ishirini na tisa, darasa zima liitikie "Yupo!"

"Ni mazoezi tu, wanangu," aliwaambia. "Hisabati ni nini? Ni mazoezi."

Wiki ya kwanza walijikongoja. Wengine walisema "yu", wakaacha. Wiki ya pili sauti zikashikamana. Wiki ya tatu waliitikia vizuri kabisa, kwa pamoja, kama wimbo wa taifa, na Mwalimu Mshamu akagundua kwamba akifika namba ishirini na nane vidole vyake vinakuwa baridi.

Alhamisi ya wiki ya nne aliita kama kawaida.

"Namba ishirini na tisa."

"Yupo!" likasema darasa.

"Nipo," ikasema sauti moja, nyuma kidogo ya wenzake, upande wa turubai.

Mwalimu akaweka chaki chini. "Nani amesema nipo?"

Watoto walitazamana. Kila mmoja alikuwa amefumba mdomo, na nyuso zao zilikuwa za watu waliosikia.

"Nimeuliza, nani amesema nipo?"

"Mwalimu," akasema kijana wa safu ya tano kwa sauti ndogo, "sisi tunasema yupo."

Ilikuwa kweli. Alikuwa amewafundisha yeye mwenyewe. Turubai likavimba, likarudi, na mwalimu akaita namba thelathini.

Kulikuwa na mengine. Kila Ijumaa zilifanywa hesabu arobaini kwenye fomu za kujibia, zile zenye herufi ndani ya viduara, ambazo juu yake pameandikwa: "Weka kivuli kwenye herufi ya jibu sahihi." Fomu zilipaswa kuwa arobaini na moja. Ya namba ishirini na tisa aliijaza Mwalimu Mshamu, ofisini, penseli mkononi, saa nane mchana wakati wenzake wamekwenda kula. Mara ya kwanza alikusudia kumkosesha machache, isionekane mtoto amezidi. Akafika swali la nne, la kipeuo cha pili cha mia moja na arobaini na nne, akakumbuka jinsi Siwema alivyokuwa akilitafuta jibu huku akitafuna ncha ya msuko wa nywele zake. Akashindwa kumtia kosa. Akaweka vivuli kwenye majibu sahihi yote, isipokuwa la kumi na saba. Hapo penseli haikwenda. Akaliacha wazi.

Matokeo yakarudi wilayani: namba ishirini na tisa, arobaini kati ya arobaini.

Akajiambia mashine imekosea. Ijumaa ya pili akaliacha wazi tena la kumi na saba, akahesabu vivuli mara mbili, thelathini na tisa. Matokeo: arobaini kati ya arobaini. Ya tatu vile vile. Labda ilikuwa mashine. Mimi si mtaalamu wa mashine, na mashine za nchi ile zilikuwa za msaada. Ila Mwalimu Mshamu aliacha kula mchana, na mkewe akaanza kumwuliza nani anayemwitikia usingizini.

Wilaya nayo ikafurahi. Siwema Faki akatangazwa bingwa wa mazoezi wa wilaya. Ukaletwa utepe mwekundu wenye nembo, ukafungwa kwenye kiti kitupu karibu na turubai, na Afisa Elimu akatoa hotuba. "Nawaasa watoto wengine," alisema, "mfuateni Siwema huko huko aliko!"

*

Siku tatu kabla ya mtihani Mama Siwema alimngoja Mwalimu Mshamu langoni. Beseni lake la mihogo lilikuwa limefunikwa kwa khanga. Alikuwa amekonda, lakini alimsalimu kwanza, akamwuliza hali ya nyumbani, kisha ndipo akasema.

"Mwalimu, nasikia mwanangu anaongoza."

Mwalimu akatazama viatu vyake.

"Nimekwenda tena kwa karani," akaendelea mama. "Ameniambia atakayefaulu anasajiliwa sekondari siku hiyo hiyo. Sekondari ni miaka minne. Miaka minne mingine, mwalimu, niketi mkekani. Naomba nikuombe kitu ambacho mzazi haombi. Mfelishe mwanangu."

"Akifeli atarudia darasa, Mama Siwema. Atasajiliwa upya."

Mama akafikiri. "Kwa hiyo akifaulu yupo, na akifeli yupo."

"Ndiyo."

"Hakuna siku ambayo hayupo?"

Ilikuwepo, na mwalimu aliijua. Kanuni ya Mtihani Sanifu ilisema kwamba asubuhi ya mtihani, wakati wa kuita namba, mwalimu wa somo anaweza kutamka mbele ya msimamizi neno "hayupo", akatia saini, na jina likatoka. Lakini arobaini na moja ilikuwa jumla takatifu, imeshapelekwa wizarani. Atakayeipunguza amezua pungufu, na aliyezua pungufu ni sawa na aliyezua baki: asiyekubali ahesabiwe hivyo hivyo. Mwalimu mmoja wa kusini alithubutu. Sasa jina lake halimo kwenye orodha ya mishahara, wala ya wapiga kura, wala kwenye picha ya harusi yake mwenyewe, kwani wizara ilituma mtu na mkasi.

"Nitaona la kufanya," akasema Mwalimu Mshamu.

"Wewe ulikuwapo siku ile," akasema Mama Siwema. "Kwa hiyo nimekuja kwako. Sina mwingine."

Akamfungia vipande viwili vya muhogo kwenye gazeti, akakataa kabisa kulipwa. Mwalimu alitembea navyo mpaka nyumbani, na akashindwa kuvila na akashindwa kuvitupa.

*

Asubuhi ya mtihani jua lilikuwa kali tangu saa moja. Bwana Lukanda mwenyewe alikuja kusimamia, suti ya kijivu, fomu yenye visanduku kwenye ubao wa kuandikia. Watoto walikaa safu tano, mikono juu ya meza. Kando, mbele ya turubai, kilikaa kiti chenye utepe mwekundu. Turubai halikutikisika, kwani upepo haukuwepo.

"Mwalimu wa somo, ita namba."

Mwalimu Mshamu aliita. Moja, nipo. Mbili, nipo. Wakafika ishirini na saba, ishirini na nane. Vidole vikawa baridi. Alimwona Bi Nakiete mlangoni akimkazia macho, na nyuma yake, mbali, langoni, khanga ya Mama Siwema.

"Namba ishirini na tisa."

"Yupo!" likasema darasa, kwa pamoja, kama walivyofunzwa.

Bwana Lukanda akainamisha kalamu kwenye kisanduku.

"Hayupo," akasema mwalimu.

Kalamu ikasimama.

"Hayupo," akasema tena, na mara hii sauti ilikuwa kubwa kuliko alivyotaka. "Siwema Faki amekufa. Ukuta ulimwangukia hapa hapa, tarehe nane, wakifanya swali la kumi na saba. Mimi nilikuwapo. Mnaosema yupo, wanangu, acheni. Nimewafundisha vibaya."

Msichana wa safu ya pili akaanza kulia, akafuata wa pembeni yake, na muda si muda watoto arobaini walikuwa wakilia kilio ambacho wiki saba zote hakuna aliyewapa ruhusa yake. Mwalimu Mshamu alinyoosha mikono mbele tayari kwa pingu. Aliogopa, lakini ilikuwa ni hofu nyepesi, ya mtu ambaye neno limeshamtoka.

Bwana Lukanda hakuwa akimtazama. Alikuwa akihesabu kwenye fomu, midomo ikicheza.

"Arobaini na moja, toa moja," alinong'ona. "Arobaini. Kugawanya kwa nane." Akainua vidole vya mkono mmoja, akavitazama vyote vitano kwa mshangao. "Tano! Tano kamili! Mwalimu, hakuna baki!"

Akaweka ubao chini, akamkumbatia Mwalimu Mshamu mbele ya darasa zima.

"Miezi yote hii nahangaika na shule hii! Fomu yangu ilikuwa inakataa kujumlika, mstari wa sita una kisanduku kimoja tu, kimekaa kama jino bovu, na mimi siwezi kukitaja wizarani kwa kuwa hakipo! Kumbe dawa ilikuwa rahisi hivi. Kumbe mtoto alikwisha... Safi sana! Katibu, leta fomu ya kifo! Leta na cheti cha pongezi!"

Mtihani ulianza dakika tano baadaye. Watoto waliambiwa wafute machozi yasilowanishe viduara.

*

Mchana Mwalimu Mshamu alikwenda kwa Mama Siwema na karatasi mbili. Moja ilikuwa mfukoni, imekunjwa: "Cheti cha Mfutaji Bora wa Baki, Kanda ya Mashariki." Ya pili alimkabidhi kwa mikono miwili, akabaki amesimama mlangoni.

Mama Siwema alikuwa mkekani. Aliisoma mwenyewe, polepole, akifuata kwa kidole. Jina la marehemu. Umri. Tarehe. Akafika mstari wa mwisho, akarudi nyuma, akausoma kwa sauti.

"Sababu ya kifo: ili hesabu itoke sawasawa." Akainua macho. "Hesabu gani, mwalimu?"

Angeweza kusema ni lugha ya serikali. Angeweza kusema wamekosea kuchapa. Mama angeipokea, angekunja mkeka, na habari ingekuwa imekwisha. Maneno hayo yote mawili yalikuwa tayari mdomoni.

"Arobaini na moja kwa nane," akasema. "Tulikuwa tunawapanga viti. Akazidi mmoja. Aliniuliza baki inakwenda wapi, na Mkaguzi alikuwa anaingia, nikaogopa. Nikamwambia baki ni wewe. Nikamwekea kiti ukutani kwa mkono wangu, Mama Siwema. Ufa nilikuwa nimeuona."

Nje mtu alipita akipiga mluzi, akaenda zake. Mama Siwema aliitazama ile karatasi. Chozi lilimdondoka, likaangukia kwenye muhuri, wino ukatanuka.

"Hata mimi alikuwa akiniuliza," akasema mwishowe. "Namenya mihogo, yeye kakaa hapo, mama, baki inakwenda wapi. Nikamwambia mimi sijui mambo hayo, muulize mwalimu wako, yeye ndiye kasomea." Akajifuta kwa ncha ya khanga. "Ulimjibu?"

"Sikumjibu."

"Basi nijibu mimi."

Mwalimu Mshamu alitazama mkeka. Ulikuwa umekaa pale wiki saba, na ukili wake ulikuwa umeanza kufumuka upande mmoja.

"Haiendi mahali, Mama Siwema," akasema. "Inabaki."

Mama akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa jibu alilokuwa nalo tangu zamani. Aliweka cheti sakafuni. Mwalimu alidhani sasa ataukunja mkeka, akarudi nyuma hatua moja kumpisha. Mama Siwema hakuinuka. Alisogea kando, akaacha nafasi ya mtu mmoja, akaipangusa kwa kiganja.

"Vua viatu, mwalimu. Matanga ndiyo yanaanza leo."

Mwalimu Mshamu akavua viatu, akaketi.